Kabla Hujanunua Buti za Kupandia Mlima, Soma Yaliyonipata

Wiki iliyopita nilifika kileleni. Ni mlima uleule ulionirudisha chini miaka minne iliyopita, na tangu niweke picha ya pale kileleni nimepokea salamu nyingi, asanteni sana. Katika hizo, ujumbe mmoja umenikaa moyoni: "Dada, na mimi nataka kuanza. Ninunue vifaa gani ambavyo havitaniangusha njiani?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari miwili. Nimeshindwa, maana swali hilo limegusa kidonda changu, na najua wengi wenu mnaonisoma mna hamu hiyohiyo ya kupanda.

Safari ile ya kwanza nilivaa buti za ngozi nilizokuwa nimezinunua zamani, nikazivaa mara mbili tatu, kisha zikakaa kabatini ndani ya boksi lake miaka saba. Nilipozitoa nilizipiga dawa zikang'aa. Machoni pangu zilikuwa mpya. Siku ya pili, tukiwa kwenye mteremko wa mawe, nikasikia kitu kinapiga chini kila ninapoinua mguu wa kulia: pa, pa, pa. Kutazama, soli imebanduka kuanzia kisiginoni, imebaki kushikwa na ncha ya mbele tu. Nikapagusa pale ilipoachia. Palikuwa panamong'onyoka vidoleni mwangu kama chaki iliyolowa. Hatujamaliza kuifunga kwa kamba ya hema, ya kushoto nayo ikaachia.

Kiongozi wetu hakunigombeza. Alisema tu, mbele ya wenzangu wote, "Huyu alikuja kupiga picha." Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi sita. Nilikuwa naamka alfajiri kupanda ngazi na begi mgongoni. Niliteremka na msaidizi mmoja, mwendo wa saa tano, kila jiwe nikilisikia unyayoni, na neno lile mpaka leo linanichoma kuliko yale mawe.

Fundi viatu niliyempelekea ndiye aliyenifungua macho. Katika buti nyingi za mlimani, lile tabaka la kati linalokupa ulaini wa kutembea ni povu la poliurethani, aina ya plastiki. Unyevu wa hewani huivunja poliurethani kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, kiatu kivaliwe kisivaliwe. Gundi nayo huchoka. Kwa hiyo ukirithi buti za ndugu yako, au ukipata za mtumba zinazong'aa, usizipime kwa ngozi ya juu. Zikunje. Bonyeza tabaka la kati kwa ukucha uone kama linapasuka au kudondoka unga. Fuata mzunguko wa soli kwa kidole utafute mahali palipoanza kuachia. Ukiona dalili yoyote, zipeleke kwa fundi azitie soli mpya, au ziache.

Jozi iliyofuata nayo ilinifunza kwa maumivu. Ilikuwa inabana kidogo mbele, muuzaji akaniambia zitalegea. Ngozi hulegea kwa upana; kwa urefu kiatu hakikui. Nilipoteza kucha mbili za vidole gumba, kwa sababu wakati wa kushuka mguu wote husukumwa mbele. Siku hizi najaribu viatu jioni, miguu ikiwa imeshavimba kwa shughuli za mchana, nikiwa na soksi zilezile za safari. Nasimama mahali penye mteremko, naangalia chini, napiga hatua kwa nguvu. Kidole kikigusa mbele, narudisha, hata kama nimezipenda vipi.

Begi nalo ni hivyohivyo. Uzito mkubwa unatakiwa ukae nyongani, si mabegani, kwa hiyo mkanda wa kiunoni ndio wa kuangalia kwanza. Uukalishe juu ya mfupa wa nyonga, uukaze, halafu ndipo uvute mikanda ya mabega. Lijaribu likiwa na mzigo. Begi tupu humkaa kila mtu vizuri.

Nguo sitazisemea sana. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 hivi. Ukianza chini kukiwa na nyuzi 20, mita 2,000 juu zaidi unakuta kama 7, na hapo upepo bado haujavuma. Fulana ya pamba ikishalowa jasho haikauki upesi, inakunyonya joto mwilini. Vaa sufu au kitambaa cha sintetiki kinachokauka haraka. Koti la mvua lijaribu bafuni, chini ya maji, kabla mvua yenyewe haijakujaribia.

Ndugu zangu, acheni kuchagua vifaa kwa rangi na kwa picha za watu. Mlimani hakuna anayekuazima miguu. Kifaa kisichokukaa vizuri sebuleni hakitakukaa vizuri siku ya tatu ukiwa umechoka na umelowa. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeshawaona watu wenye mapafu na mioyo ya kufika wakirudishwa na soksi.

Wewe uliyeniandikia, anza na buti, miezi miwili kabla ya safari. Vaa nyumbani, vaa kazini, panda na kushuka ngazi ukiwa na begi la uzito utakaobeba kweli. Na siku yenyewe, kisigino kikianza kuwaka moto, usingoje kituo cha mapumziko. Simama palepale, vua, kausha mguu, bandika plasta kabla lengelenge halijainuka. Wiki iliyopita nilisimama hivyo mara mbili. Kundi zima likanisubiri, na hakuna aliyesema neno.