Kabla ya kukabidhi ufunguo kwenye gereji ya wakala, uliza spea iko wapi

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu sevisi kwenye gereji za mawakala wa magari hapa Mbeya huanza na bei. Mimi siku hizi naanza na swali jingine: ikionekana kuna kitu cha kubadilisha, spea iko wapi? Kumwaga oili, kubadilisha filta na kukagua breki ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi anayejua kazi yake. Kinacholaza gari yadi ni kusubiri. Linasubiri spea itoke Dar, au mwenye gari akubali gharama, au mtu wa mapokezi apige simu ambayo hajaipiga.

Nina pikapu ya milango minne niliyoinunua mpya, nazunguka nayo kwa biashara ya mpunga kati ya Mbeya, Chimala na Ubaruku. Vumbi la Usangu linaziba filta ya hewa mapema, na mteremko wa Mlima Nyoka unakula breki, kwa hiyo gereji naijua. Mwaka jana niliacha gari asubuhi kwa sevisi ya kawaida, nikaahidiwa jioni. Jioni nikaambiwa kesho. Kesho yake nikaambiwa bado linashughulikiwa. Nikachukua bajaji nikaenda mwenyewe. Nililikuta kwenye kona ya yadi, boneti limefungwa, vumbi la Chimala limetanda kwenye kioo kama nilivyoliacha, na alama ya waipa haijaguswa.

“Shikamoo mama,” kijana wa mapokezi akaniambia. “Gari yako bado inashughulikiwa.”

“Marahaba mwanangu. Inashughulikiwa na nani?”

Akanyamaza, akaingia ndani, akarudi na mkuu wa karakana. Huyo ndiye aliyenieleza ukweli: pedi za breki za mbele zimekwisha, stoo ya Mbeya hazipo, na hawawezi kuziagiza Dar mpaka mteja akubali bei. Mteja ni mimi, na simu yangu ilikuwa mkononi muda wote. Iliniuma sana, maana kule Ubaruku kulikuwa na watu wameshafunga magunia wananingoja.

Tangu hapo sikabidhi ufunguo kabla sijaelewana nao mambo fulani, na yanaandikwa kwenye karatasi ya kazi ninayosaini. Kwanza, ni nani hasa atakayenipigia, na namba yake. Pili, kiasi ambacho wanaweza kukitumia bila kuniuliza. Hili la pili watu hawalizoei, lakini linaokoa muda mwingi. Ukiandika kwamba kitu chochote cha hadi shilingi fulani wafanye tu, na zaidi ya hapo wapige simu, umeondoa sababu ya gari kusimama kwa ajili ya taa ya breki au waipa. Kiasi chenyewe panga kulingana na mfuko wako. Muhimu kiandikwe.

Halafu usingoje wapige wao. Piga wewe, saa nne au saa tano asubuhi. Gari lililoingia saa mbili huwa limeshanyanyuliwa kufikia muda huo, na fundi ameshaona kilichochakaa. Ukijua asubuhi, kuna nafasi ya kukubali bei na Dar wakapakia spea siku hiyohiyo. Ukijua saa kumi jioni, umeshaipoteza siku. Kutoka Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, lakini kifurushi kinachopakiwa kwenye basi leo kwa kawaida kesho kiko stendi. Kwa hiyo ukiambiwa spea ya Dar itachukua wiki nzima, uliza ni nini hasa kinachosubiriwa, maana basi si sababu.

Neno la kulichimba ni “inakuja”. Inakuja kutoka wapi? Majibu ni matatu tu, na kila moja lina uamuzi wake. Ikiwa iko stoo hapahapa, gari linatakiwa kutoka leo au kesho, hakuna mjadala. Ikiwa iko Dar, hesabu siku mbili tatu na uulize kama imeshalipiwa na kupakiwa. Ikiwa inaagizwa nje ya nchi, usiliache gari, kama bado linatembea kwa usalama. Lipa malipo ya awali, chukua risiti ya EFD, wamalizie oili na filta, kisha ondoka na gari lako. Spea ikifika wakupigie, urudi. Mafundi wengine hawapendi hili kwa sababu gari lililoko yadi ni kazi yenye uhakika, lakini gari ni lako. Bushi iliyoanza kulegea au shokapu inayovuja kidogo inaweza kukusubiri ukiendesha taratibu. Kulaza gari wiki kadhaa kwenye yadi ya watu, juani na mvuani, eti linasubiri bushi ni hasara tupu.

Breki, usukani na matairi havimo kwenye ruhusa hiyo ya kuondoka na gari. Hapo nasema kwa msisitizo, kwa sababu barabara zetu hazisamehe. Anayeishi huku anajua malori yanavyoshuka Mlima Nyoka na ule mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, na anajua ukungu wa Isyonje ukienda Tukuyu, unapofika mahali huoni hata gari lililo mbele yako. Fundi akikuambia pedi zimekwisha mpaka chuma kinagusa diski, liache gari hapohapo hata kama una harusi Kyela. Panda basi. Na usimsukume fundi amalize haraka kazi ya breki ili uwahi safari. Ucheleweshaji wa namna hiyo unastahili kuvumiliwa, tena kwa moyo mweupe.

Kwa wanaotoka mbali, yaani Njombe, Makambako, Tunduma au Sumbawanga, kuja Mbeya bila kujua kama spea ipo ni kujitakia gharama za nyumba ya wageni. Siku chache kabla ya safari, piga picha ya namba ya chasisi na kilomita zilizoko kwenye dashibodi, uwatumie kwa WhatsApp, ueleze gari linalalamika nini. Waombe waangalie stoo kabla hujatoka nyumbani. Gari lililoingizwa nchini na wakala likiwa jipya huwa na namba ya tarakimu na herufi 17, na wakala akiiingiza kwenye mfumo wake anaona spea sahihi. Magari ya mtumba kutoka Japani mengi yana namba fupi, yenye herufi za modeli, kistari, kisha tarakimu. Hayo yalitengenezwa kwa soko la Japani, na wakala wa hapa huenda asiyakute kwenye orodha yake. Spea inayofanana kwa macho inafika, inajaribiwa, haiingii, inarudishwa. Kama gari lako ni la namna hiyo, waulize mapema kama wanalihudumia kweli. Wakisitasita, afadhali fundi mzuri wa mtaani anayejua kuagiza Kariakoo kwa namba ya injini.

Gari lililo ndani ya waranti, yaani dhamana ya mtengenezaji, lina foleni yake ya ziada. Tawi haliamui peke yake. Linapiga picha, linaandika ripoti, linatuma makao makuu, na hapo hata ukiwa tayari kulipa hela yako haisaidii kuharakisha. Omba nakala ya ripoti yenye tarehe, ili ukipiga simu Dar uwe na cha kutaja. Waranti nyingi ni miaka 3 au kilomita 100,000, chochote kitakachotangulia, na kitabu cha sevisi kisipogongwa muhuri kwa wakati wake unakuwa umewapa sababu ya kukataa.

Kuhusu siku ya kupeleka gari, epuka Jumatatu asubuhi kama unaweza, na epuka wiki ya Nanenane. Mapema Agosti viwanja vya John Mwakangale vinajaa, magari ya miradi na mashirika kutoka nyanda zote za juu yako mjini, na mengi yanapitia gereji kabla ya kurudi. Juni nayo nimeiona ina msongamano, ofisi zikifunga mwaka wa fedha.

Likichelewa hata baada ya yote haya, usimfokee dada wa mapokezi. Hashiki spana, na kesho ndiye utakayehitaji akupokelee simu. Msalimie, kisha omba kwa utulivu kuonana na mkuu wa karakana, uombe mlitazame gari pamoja. Kulitazama gari kunatoa ukweli haraka kuliko simu kumi. Mkikubaliana tarehe mpya, mtumie ujumbe hapohapo mkiwa mmesimama: “Tumekubaliana gari litakuwa tayari Alhamisi saa tisa, spea imepakiwa leo.” Ujumbe huo ndio utakaoupeleka kwa meneja wa tawi, na baadaye makao makuu. Ikifika mahali umelipa na huduma huioni, ipo Tume ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inashughulika pia na kumlinda mlaji. Wengi wetu tunaishia kulalamika kijiweni wakati mlango huo upo.

Siku ya kulichukua, nenda mapema, kabla ya saa tisa. Gari lililocheleweshwa hukabidhiwa kwa haraka jioni, kila mtu akitaka kufunga, na makosa hupita hapo. Waambie wakuonyeshe spea za zamani walizotoa, linganisha na ankara, kisha omba fundi apande na wewe mlijaribu barabarani, mahali penye mteremko wa kweli. Mimi huomba twende mpaka Uyole na kurudi. Kanyaga breki ukiwa mwendo wa kawaida, sikiliza, angalia kama usukani unavuta upande. Fundi akikataa kupanda, usisaini karatasi ya kupokea gari mpaka mkuu wa karakana aje apande yeye.