Mavyaa hataki mwanangu achanjwe, nifanyeje?

SUALI: Chechei Shangazi. Mimi nina miaka 24, nakaa Wete kwa wakwe zangu, mume yuko Unguja kikazi. Mwanangu ana miezi minane na nusu, mwezi ujao ndo siku zake za kuchanjwa surua, sa mavyaa wangu kasema hatoki mtu hapa. Ati ile sindano ya wiki 14 mtoto "kachomwa akaumwa siku mbili", na mtoto mzima hapelekwi akatiwe maradhi. Nkimjibu naambiwa nna domo. Nesi nae nkimuuliza kitu ananambia lete kadi tu. Nifanyeje?
Mama wa Wete

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mavyaa wako si mjinga, lishike hilo, mana ukienda na lile la wazee hawajasoma umeshashindwa mlangoni.

Hebu yasikilize maneno tunayotumia wenyewe. Kuni zinachanjwa, chale za mganga zinachanjwa, na mtoto nae tunasema anachanjwa. Zamani ilikuwa kweli, chanjo ya ndui ilikuwa ikikwaruzwa kwenye ngozi, lakini leo hata matone ya polio yanotiwa mdomoni bila ya kutoka damu tunayaita chanjo. Waingereza neno lao, vaccine, limetoka kwa ng'ombe, kwa Kilatini vacca, mana Edward Jenner mwaka 1796 alitumia usaha wa ndui ya ng'ombe, ila nani anamuwaza ng'ombe siku hizi, sisi lakini kwenye chanja kisu bado tunakisikia.

Na sindano ndo zaidi. Wazee wengi wamekulia kwenye kauli kuwa mtoto mwenye degedege akipigwa sindano hufa, na mwenye surua asidungwe mana itarudi ndani. Sa wewe ukisimama mbele yake ukasema nampeleka akadungwe sindano ya surua, umemtia hofu mbili kwa pumzi moja!

Halafu iangalie ile "ka" ya akaumwa. Kazi yake kufatanisha mambo tu, hili kisha lile, lakini masikio yanasikia sababu. Kwa homa ile ana haki, chanjo huleta homa ya siku moja mbili, mwili unajifunza, usimbishie. Tabu ni pale kila kitu kinapotiwa humo humo, kachomwa akaharisha, kachomwa akaanguka kitandani.

Marekani, daktari Douglas Opel na wenzake walitoa utafiti mwaka 2013, waliwarikodi madaktari wakizungumza na wazazi. Daktari akianza kwa namna ya "leo anapata chanjo zake", wazazi waliopinga walikuwa 26 katika kila 100. Akianza kwa "mnaonaje kuhusu chanjo?" walipinga 83. Kuna watakaosema bas, amrisha tu. Mie kwa hapa petu sikubali sana, manesi wetu wanaamrisha siku zote, lete kadi, mshike mguu, na bado mavyaa wako kasema hatoki mtu, mana amri kaisikia ila suali lake hajajibiwa. Lakini kitu kimoja chukua hapo, usimuulize "nimpeleke?" Mwambie Jumatano ndo siku yake, twende sote mama, kisha kaa umsikilize mpaka amalize.

Na kama ni mtu wa miaka 60 na kitu, muombe akuoneshe mkono wake juu karibu na bega, huenda ana kovu la ndui. Muulize walichanjwaje na nani aliwapeleka. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa spitali ya Merca, Somalia, mwaka 1977, jina lake Ali Maow Maalin, na chanjo alikuwa ameikwepa kwa kuogopa maumivu. Alipona, na baadae huyo huyo akawa anazunguka kuwasihi wazazi wachanje watoto polio. Mwaka 1980 ikatangazwa ndui imekwisha.

Wewe nyumbani sema kinga, anakwenda kupewa kinga ya surua. Usithubutu kusema kago, ile kinga ya kiganga, hapo Pemba utaulizwa la mganga gani na utakuwa umezua jengine.

Jengine usimfiche. Hii ya miezi tisa homa yake mara nyingi haiji usiku ule ule, inaweza kuja baada ya wiki mpaka siku 12, pengine na vipele vidogo. Mwambie kabla, mana ikimkuta siku ya nane hana habari atakwambia si nlisema. Homa ikiwa kali au mtoto akishtuka degedege, mkimbizeni kituo cha afya. Na ya pili ipo akifika miezi 18, utarudi tena kwenye mjadala huu huu.

Siku hiyo mtoto abebwe na bibi yake mpaka mbele ya nesi, suali lako muachie aulize yeye, tuone kama ataambiwa lete kadi tu. Na mtoto mvalishe fulana ya mikono mifupi, nesi aupate mkono.