Shangazi, mama amenirudishia simu niliyomnunulia

Shangazi, shikamoo. Mama yangu ana miaka 68, yuko Muheza. Mimi niko Dar. Nilimnunulia simu janja tuwe tunaonana kwa video. Akawa ananipigia kila mara: maandishi hayasomeki, WhatsApp imefutika. Siku moja nikiwa kazini nikamfokea: "Mama, si nilishakuonyesha!" Simu ameirudisha kwa basi, nimeipokea stendi ya Mbezi. Yeye karudi kwenye kitochi chake. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Pole, ingawa pole kubwa zaidi nampa mama. Simu hiyo usiirudishe kwa basi. Ipeleke mwenyewe, ulale huko, na kabla hujaiwasha umwombe radhi. Mzazi akishafokewa na mtoto wake, tatizo si simu tena.

Unasema ulimwonyesha. Ulimwonyeshaje? Nawajua nyinyi: unamnyang'anya simu, vidole vinakimbia, "umeona?", unamrudishia. Hajaona kitu. Safari hii simu isitoke mkononi mwake. Wewe kaa pembeni ueleze kwa mdomo. Abonyeze yeye, akosee, arudie. Awe na daftari, aandike kwa maneno yake. WhatsApp akiiita "kile kijani", ibaki hivyo hivyo kile kijani.

Hiyo WhatsApp "kufutika" nadhani naijua. Vidole vya mtu aliyeshika jembe maisha yake yote ni vikavu na vigumu, kioo hakivisikii vizuri. Akigusa, kimya, basi anakandamiza na kung'ang'ania. Simu ikishikiliwa hivyo hudhani anataka kuihamisha alama ile au kuitoa, na pengine huitoa kweli. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu (Accessibility), urefushe muda wa kugusa na kushikilia. Kuza na maandishi. Michezo waliyoijaza wajukuu iondoe. Abaki na simu, kile kijani na picha.

Matapeli usimtishie nao mpaka aiogope simu. Ile "hiyo hela tuma kwenye namba hii" anaijua tangu kwenye kitochi, na meseji kama hiyo aipeleke 15040 kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Asichokijua ni zile tarakimu sita za WhatsApp zinazokuja kwa meseji: mtu anapiga akijifanya mtoa huduma, anaomba asomewe, akaunti inaondoka. Mwambie hazisomwi kwa yeyote, hata kwako. Washeni pia uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ya WhatsApp, na namba hiyo achague yeye. Na namba yake ya siri ya pesa usiiulize. Ni mtu mzima, ana mambo yake.

Akipiga ukiwa kazini, mwambie "mama, nitakupigia saa saba", na saa saba upige kweli. Kwenye video ataweka simu sikioni, utaliona sikio tupu, cheka naye. Bando mnunulie wewe, wala usimuulize limeishaje.