Mke wa muuzaji hakutia saini, na sasa nimeombwa kushuhudia saini ya uongo

*Shangazi, shikamoo. Agosti 2021 mimi na mume wangu tulinunua nyumba Tegeta kwa shilingi milioni 68 kutoka kwa mzee mmoja mstaafu. Mkataba tuliandikishiana katika ofisi ya serikali ya mtaa, tukatoa na asilimia kumi tuliyoambiwa ni ya ofisi, kisha mzee akatukabidhi hati yake na funguo. Jina hatukuhamisha. Machi 2025 mzee alifariki, na baada ya arobaini mjane wake, ambaye hakuwa hata anakaa hapo, miaka yote alikuwa akiishi Korogwe, alikuja na wanawe wawili akasema hakukubali nyumba iuzwe, na kwamba matofali ya nyumba ile aliyafyatua kwa mikono yake. Shemeji yangu amempata mtu wa kututengenezea kiapo cha ridhaa ya mke, chenye tarehe ya 2021 na muhuri wa wakili, na mume wangu anataka nitie saini kama shahidi. Nikisita ananiambia siwapendi watoto wangu. Nakutumia picha ya mkataba, na stakabadhi za benki ninazo. Nifanye nini?*
*Mama Wawili, Tegeta*

Marahaba, mwanangu. Usitie saini. Ninalitanguliza hilo kwa sababu mengine yote nitakayokuambia yanaweza kusubiri wiki moja au mwezi, lakini karatasi hiyo inaweza kuletwa mezani kwako usiku wa leo.

Picha ya mkataba nimeitazama kwa muda mrefu. Saini ya marehemu ipo, saini ya mumeo ipo, mashahidi wawili wapo, na muhuri wa mtaa umepigwa vizuri hata tarehe inasomeka. Chini kabisa, penye maneno "Mke wa muuzaji", jina la mama yule limeandikwa kwa kalamu ileile na mwandiko uleule ulioandika mkataba mzima, na mahali pa saini yake mtu ameandika maneno mawili: "yuko safari". Sijui kama wewe na mumeo mmewahi kuyatafakari maneno hayo. Yanaonyesha kwamba kila aliyekaa kwenye meza ile siku ile alijua kuwa mzee ana mke, alijua kuwa saini yake inahitajika, na alikubali kuendelea bila yeye. Nakala ya mkataba huo bila shaka ipo pia katika makabrasha ya marehemu. Sasa fikiria mnapeleka kwenye baraza la ardhi kiapo kinachosema kwamba mama huyo siku hiyohiyo alikuwa mbele ya wakili Dar es Salaam akitoa ridhaa, ilhali mkataba wenu wenyewe unasema alikuwa safarini. Hata mtaalamu wa maandishi hatahitajika.

Kughushi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ya kawaida ni kifungo cha miaka 7. Shahidi anayeweka jina lake chini ya saini asiyoiona ikitiwa amejiingiza katika kosa hilo kwa kalamu yake mwenyewe, wala hatasaidika kusema kwamba aliombwa na mumewe. Leo ninyi ni wanunuzi mliolipa fedha zenu kwa mtu aliyekuwa na hati halali, na mna madai mazuri dhidi ya mirathi yake. Siku mtakapotoa karatasi ile mtakuwa watuhumiwa, na madai yenu mazuri hayatasikilizwa tena kwa sikio lilelile.

Nije kwenye haki ya mjane, kwa sababu katika barua yako umeandika kwamba "hakuwa hata anakaa hapo", kana kwamba hilo linamaliza maneno. Halimalizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza, kupangisha, kuweka rehani au kutoa zawadi nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kweli, mawakili wanaweza kuvutana juu ya kama nyumba ya Tegeta ilikuwa nyumba ya ndoa wakati mke alikuwa Korogwe akilima, na sitakuahidi nani atashinda. Lakini ipo pia Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, inayosema kwamba mwanandoa aliyechangia kwa nguvu zake katika kuitunza au kuiendeleza ardhi iliyoandikwa jina la mwenzake huhesabiwa kuwa na maslahi katika ardhi hiyo, na kifungu hichohicho kinamtwika mnunuzi wajibu wa kuuliza kama mke au mume wa muuzaji ameridhia. Wajibu huo ulikuwa wenu, mwanangu, na "yuko safari" inaonyesha kwamba swali liliulizwa na jibu halikusubiriwa.

Yale matofali uliyoyataja kwa kupita ndiyo kiini cha madai yake. Mwanamke aliyechota maji, akakanyaga udongo na kufyatua tofali hajachangia kidogo kuliko aliyenunua bati. Mahakama ya Rufani ililitambua jasho la namna hiyo tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliposema kuwa hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu mgawanyo wa mali baada ya talaka, halikuhusu mauzo, lakini huwezi tena kusimama mbele ya mwenyekiti wa baraza ukasema mke wa shamba hana jasho katika nyumba ya mjini.

Hata hivyo msikate tamaa. Mkataba wenu haukufa kwa sababu haukupitia kwa wakili. Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi na uwe na saini ya yule anayedaiwa kuutekeleza, na saini ya marehemu mnayo. Fedha mlilipa, na stakabadhi za benki unasema unazo. Mlichokosa ni hatua zilizofuata. Milki iliyosajiliwa haihami kwa muhuri wa mtaa. Inahama kwa fomu za Wizara ya Ardhi, namba 29, 30 na 35, zilizotiwa saini na pande zote mbele ya wakili anayeandika jina lake, mahali na tarehe, kisha zikaidhinishwa, kodi na ushuru wa stempu zikalipwa, na Msajili wa Hati akaandika jina lenu. Kabla ya hapo hati iliyo kabatini kwenu ni hati ya mtu mwingine mliyoitunza vizuri.

Niseme na hili la asilimia kumi, kwa kuwa linaniuma kila ninapolisoma, na ninalisoma mara nyingi. Mlitoa milioni 6 na ushee kwa ajili ya muhuri ambao hauhamishi chochote. Hakuna sheria inayompa mwenyekiti wa mtaa mamlaka ya kuhamisha milki ya nyumba yenye hati, na fedha hiyo ingelipia ada ya wakili na ushuru wa stempu, ambao ni takriban asilimia 1 ya thamani, na chenji mngerudi nayo. Tena ulizeni kama mkataba wenu ulilipiwa ushuru huo, kwa sababu waraka usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini yake.

Sasa mtu wa kutia saini fomu hizo amefariki, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kumkimbilia mtoto mkubwa wa marehemu na kumpa chochote asaini. Mtoto hana mamlaka hayo, wala mjane peke yake hana. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ulizeni kwa adabu kama familia imeshakaa kikao cha ukoo na kufungua mirathi, na katika mahakama gani. Kama ni mahakama ya mwanzo, msimamizi hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, na ninyi mnatakiwa kujua mapema nyumba yenu imeandikwa upande gani wa orodha hiyo. Ikiandikwa kama mali ya kugawiwa warithi nanyi mmekaa kimya, mtajikuta mnapambana na watu watano badala ya mmoja. Wakati huohuo, wakili awasaidie kufanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati na kuweka zuio, ili nyumba isiuzwe tena wala kuwekwa rehani mkiwa bado mnazungumza. Wakili huyohuyo awahesabie ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri, maana dai la mkataba kwa kawaida lina miaka 6, na akaandikishe maelezo ya wale mashahidi wawili wangali hai na wangali wanakumbuka.

Kisha mwende Korogwe. Msimtume shemeji, na msimtume dalali. Nendeni wewe na mumeo, pamoja na mtu mzima mmoja wa upande wenu anayejua kuongea na wazee. Msiende na karatasi ya kusaini siku hiyo. Nendeni na nakala ya mkataba na stakabadhi za benki, mumwonyeshe mama yule fedha mliyolipa na tarehe mliyolipa, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba hajawahi kuiona hata senti yake moja, na hasira yake nyingine si yenu bali ya marehemu ambaye hawezi tena kumuuliza. Msikilizeni mpaka amalize. Mkifika mahali pa kuzungumza kifuta jasho, na nadhani mtafika, kiwe kiasi ambacho mnaweza kweli kukilipa, kiandikwe mbele ya wakili, msimamizi wa mirathi awepo, na mama awe na mtu wake mwenyewe pembeni. Kama hasomi, wakili amsomee kila mstari kwa lugha anayoielewa na aandike kwamba amefanya hivyo kabla mama hajaweka dole gumba. Mwambieni pia, na hili mlifanye hata kama linawapa hofu, kwamba anaweza kupata msaada wa kisheria bila malipo kupitia TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Saini iliyotolewa na mtu aliyeshauriwa vizuri hairudi nyuma.

Mazungumzo yakishindikana, mtapita baraza la kata kwa ajili ya upatanishi, ambalo tangu 2021 halitoi tena hukumu, na zikipita siku 30 bila mapatano mtafungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni njia ndefu. Watu hukaa humo miaka.

Kuhusu mumeo, usimjibu mbele ya kaka yake. Subiri watoto walale, mwonyeshe yale maneno mawili kwenye mkataba, umwache ayasome mwenyewe, kisha umwambie kwamba hutasaini kwa sababu unataka watoto walelewe na wazazi wote wawili ndani ya nyumba hiyo. Yeye naye ana hofu. Aliweka akiba yake yote pale, na nadhani anajilaumu kwa haraka ya siku ile kuliko anavyokulaumu wewe. Mpe nafasi ya kulisema hilo bila kumkatiza.

Na mkifika Korogwe, kabla ya mkataba na kabla ya stakabadhi, mpeni mama yule pole ya msiba. Katika barua yako yote hukuniambia kama mlikwenda kumzika mzee aliyewauzia nyumba. Kama hamkwenda, ombeni radhi kwanza, kisha uniandikie amewajibu nini.