Kitabu cha kutisha kimenikuta na msiba wangu

SWALI: Dada wa safu ya vitabu, salaam. Mimi ni fundi cherehani, naishi Muheza. Mwaka jana mwanangu wa darasa la kwanza alifariki kwa homa. Juzi nilinunua kitabu cha mtumba, Pet Sematary cha Stephen King, nikidhani ni hadithi ya mizimu ya kupitishia usiku. Kumbe mtoto mdogo wa daktari anagongwa na lori, anafariki. Nikajikaza, nikaendelea. Mbele kidogo baba anamkimbilia, anamdaka koti, anamwokoa! Mtoto anakua, anasoma, anakuwa muogeleaji wa kushinda medali. Nilishajua amekufa, lakini niliamini. Kisha baba anaamka, ilikuwa ndoto. Nilikitupa kitabu chini ya kitanda. Sasa kila nikikaa kwenye cherehani nakiwaza. Dada yangu anataka nikichome. Baba watoto hataki hata jina la marehemu litajwe nyumbani. Je, niendelee? Na kwa nini mwandishi atufanyie ukatili ule?

Mama, Muheza

JIBU: Mama, pole sana kwa kufiwa.

Nianze na koti lile, kwa sababu hapo ndipo ulipoumia. King hakukuficha kitu. Tangu siku baba na mwana wanaporusha kishada uwanjani, anasema wazi kwamba mtoto huyo, Gage, amebakiza chini ya miezi miwili ya kuishi. Ulijua, na bado ulipoona vidole vya baba vimeshika kitambaa, moyo ukaruka. Hivyo ndivyo mfiwa anavyowaza usiku: laiti ningemuwahisha hospitali, laiti nisingesinzia. Anamlea mtoto kichwani mpaka anakuwa mtu mzima, halafu kunakucha. Kwangu mimi hakuna kurasa za kweli kuzidi hizo katika kitabu kizima, na mzimu haumo hata mmoja.

King aliishi na familia yake Orrington, jimbo la Maine, Marekani, kando ya barabara ya malori. Paka wa binti yake aligongwa pale. Mwanawe mdogo naye aliikimbilia barabara hiyo, akanusurika. Kwa hiyo mtoto kuokolewa ndiko kulikotokea nyumbani kwake, na kifo ndicho alichokibuni. Alipomaliza kuandika aliona ni kitu cha kutisha mno, akakiweka kando. Kilichapishwa mwaka 1983. Mimi siuoni ukatili hapo. Naona mzazi aliyeogopa.

Kwa kawaida simwambii msomaji kilicho mbele, ila wewe una haki ya kujua kabla hujafungua tena. Baba atamfukua mwanawe na kumzika mahali ambapo wafu hurudi. Atakayerudi ana sura ya Gage, lakini si Gage, na ataua. Kurasa za makaburini ni ndefu na nzito. Ziruke bila aibu yoyote.

Usimruke Rachel, mama wa mtoto. Utotoni aliachwa peke yake na dada yake Zelda, mgonjwa wa uti wa mgongo ambaye wazazi walimficha chumba cha nyuma, na Zelda akafa mbele yake. Tangu hapo Rachel hawezi kusikia habari za kifo. Binti yake akiuliza tu, nyumba inawaka moto. Basi msiba unapofika, hakuna anayejua kuusema. Baada ya mazishi Rachel na binti wanakwenda Chicago kwa wazazi wake, na Louis, baba wa mtoto, anabaki peke yake nyumbani. Ndipo anapochukua sepetu. Hapo nilifunga kitabu nikawaza matanga yetu, watu wanavyolala ukumbini kwa mfiwa, wengine hata hawamjui vizuri. Tunayalalamikia kwa kelele na gharama. Mtu kama Louis angepata wapi nafasi ya kutoka na sepetu?

Kwa hiyo endelea, ila mchana, dada yako akiwa karibu. Msomee kurasa za koti kabla hajawasha kiberiti. Baba watoto usimpe kitabu, bado mapema. Msimulie tu habari za Rachel wakati mnakula, na ukifika kwa Zelda, mtaje mwanenu kwa jina lake. Akinyamaza, mwache anyamaze, lakini wewe uwe umeshataja.

Ukikimaliza niandikie tena. Nataka sana kujua unamuonaje Rachel.