Kujenga mwaloni Kalangala: pima kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama kuambiwa kwamba kisiwa chenu huko Kalangala, wilaya ya Uganda yenye visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria, ni "eneo la mipango" (eneo ambalo ujenzi hufuata mpango wa serikali) maana yake mtafukuzwa. Hapana. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliitangaza Uganda nzima kuwa eneo la mipango, Kampala na visiwa vya Ssese pamoja. Unachotakiwa ni kibali kabla ya kujenga.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo nyumba unayotaka kuiweka mwaloni, yaani mahali mashua za uvuvi zinapofikia, karibu na maji. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 200 za ufuko wa Ziwa Viktoria, na kuwa na hati ya ardhi hakukupi ruhusa ya kuzivamia. Tafadhali pima kabla hujanunua tofali hata moja.

Kuhusu kibanja cha baba yako (shamba mnalokalia kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine): kama familia ilikaa hapo miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila mwenye ardhi kupinga, Sheria ya Ardhi ya 1998 inawalinda. Tunzeni risiti za busuulu, yaani kodi anayolipwa mwenye ardhi.

Halafu nenda na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kwa afisa mipango wa wilaya, mwombe awaonyeshe ramani, muone mwalo wenu umetengwa kwa makazi, msitu au uvuvi.