Usimvishe cheo mtoto wa kidato cha nne, utakuja kunikumbuka

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba Jumamosi hii unawavisha vyeo vijana sita, wote wa kidato cha nne, kila mmoja na mwalimu wake wa kumlea, kwenye kundi la skauti 32 huko Tandahimba, Mtwara, kwenye korosho. Na leo ni Agosti! Chana hiyo orodha kabla hujaisoma mstarini.

Hebu tuhesabu pamoja. Septemba korosho zinaanza kudondoka na hao sita wako kwenye mitihani ya majaribio. Oktoba minada inafunguka, Jumamosi inageuka siku ya kuokota, mtoto akija kwenye skauti bibi yake anamuuliza kama skauti ndiyo itanunua daftari. Novemba mtihani wa taifa. Karatasi ya mwisho ikikusanywa tu, sanduku linafungwa nyuma ya bodaboda na kiongozi wako mkuu humwoni tena. Kwa hiyo unatoa vyeo sita kwa ajili ya Jumamosi tatu au nne za maana. Skafu yenyewe haijapauka.

Hasara halisi inakuja Januari. Ufunguo wa stoo uko mfukoni kwa kijana aliyeenda kwa mjomba wake Dar. Daftari la mahudhurio lilikuwa la katibu, naye kaliandikia mashairi kurasa za nyuma akaondoka nalo. Hema zilikunjwa zikiwa na unyevu wa mvua za kwanza, zikafungiwa chini ya bati la moto wiki nane. Ukizifungua zina madoa meusi ya ukungu, na ukivuta kwenye mshono uzi unakatika kama umeungua. Na hao 26 waliobaki hakuna hata mmoja aliyewahi kuendesha mkutano wa dakika 10, maana wakubwa walikuwa wanawaambia "kaeni chini". Unaanza upya na watoto ambao tayari wameshazoea kukaa chini.

Mimi hilo bili nimeshalilipa, hema tatu na kundi zima, ndiyo maana naongea kama mtu aliyekanyaga mwiba. Na aliyenishauri bado yupo anazunguka na semina zake! "Wape wakubwa, wana heshima, wadogo watawasikiliza." Siku mbili za kuchora mishale ubaoni, akasaini posho, akapanda basi. Hakuuliza hata mara moja mtihani ni mwezi gani, wala korosho huvunwa lini. Heshima ya mkubwa anayeondoka Novemba inakusaidia nini Februari?

Sasa shika hili moja tu: cheo ni cha kidato cha tatu. Angalia kalenda ya shule utaona kwa nini. Kidato cha nne ana mtihani wa taifa, kidato cha pili ana upimaji wake kwenye msimu huo huo, kidato cha kwanza bado anatafuta darasa lake. Wa tatu ndiye pekee anayepita Oktoba na Novemba bila kushikwa koo. Msaidizi wake awe wa kidato cha pili, ili Januari anapopanda darasa apande na cheo. Yule aliyemaliza zamu yake, akiwa sasa kidato cha nne, anabaki mshauri mpaka likizo ya Juni: anakaa pembeni, anaulizwa, haamrishi. Hiyo miezi mitano ya kupishana ndiyo roho ya mpango mzima. Hao sita wako usiwaangushe, wape kazi hiyo hiyo ya ushauri kuanzia Jumamosi, kila mmoja na mdogo wa kumfundisha.

Kwa watu 32 unapata vikosi vinne vya wanane wanane. Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, kwenye kambi ya kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907 aligawa wavulana vikosi vinne, kila kikosi na kijana wa kukiongoza, kwa hiyo hutakuwa umebuni kitu. Ongeza katibu mmoja na mtunza stoo mmoja, nao kila mmoja na msaidizi wa darasa la chini. Kiongozi mkuu wa vijana wachaguane wenyewe baada ya miezi miwili, wakishaonana kazini.

Walezi sita wote walimu ni kosa la pili, na ni ndugu wa lile la kwanza. Mwalimu ana uhamisho. Barua ikija, kesho yuko Liwale na namba zote za wazazi ziko kwenye simu yake. Chukua wanne: walimu wawili, na wawili wa mtaani ambao wana mizizi hapo, mfano fundi seremala au nesi wa zahanati. Mkulima wa korosho ni mtu mzuri sana ila kuanzia Septemba usimhesabu. Kila mlezi apewe kikosi kimoja, na akae na kiongozi pamoja na msaidizi wake kwa mara moja, kamwe asikae na mmoja peke yake. Hapo unapata mambo mawili kwa mpigo: mrithi anasikia kila kitu, na hakuna mtu mzima aliyejifungia na mtoto. Vikao viwe chini ya mwembe, watu wakipita wanaona. Katibu na mtunza stoo wagawie walezi wawili kati ya hao hao, kwa masharti hayo hayo.

Dakika 15 kabla ya zoezi mlezi anauliza: unaanza na nini, nani anashika kamba, mvua ikinyesha mnahamia wapi? Halafu anarudi nyuma. Kalamu, filimbi na ufunguo asishike. Akiona fundo linafungwa vibaya, aache lifunguke, hema likianguka watacheka na hawatarudia. Anaingilia kwenye maji, moto, hela, ugonjwa na usafiri. Watoto watatu kwenye bodaboda moja si zoezi la uongozi, pale apige kelele tu.

Likizo za Juni na Desemba kumbuka kuna jando na unyago, kijana anaweza kupotea wiki kadhaa. Kama msaidizi alikuwa anakaa vikaoni, kikosi hakitikisiki. Kama hakuwa anakaa, unajua kitakachotokea, nimeshakieleza.

Uliuliza pia kuhusu sare na barua ya wazazi, na kitu kingine cha vyeti nadhani. Watakujibu wengine, mimi nimeishiwa pumzi. Ila kabla ya Jumamosi mwambie mtunza stoo na msaidizi wake watoe hema zote juani, wahesabu vigingi kimoja kimoja, waandike kwenye daftari na wasaini wote wawili. Ufunguo utengenezwe wa pili, ubaki ofisi ya mkuu wa shule.